Kitabu cha kufuma chenye maua mengi: namna ya kukichagua kabla hujatoa hela

Nafundisha kufuma kwa sindano mbili hapa Moshi, kibarazani kwangu Majengo, na swali linalonifikia kuliko yote si la vitanzi wala la uzi. Ni hili: "Mama, ninunue kitabu gani?" Kwenye simu linakuja na picha ya jalada, sweta zuri limevaliwa na mzungu anayecheka, na chini yake maneno mawili: "Hiki kizuri?" Kwa jalada siwezi kujua, na wewe huwezi. Nimeandika hatua ninazozipita mwenyewe nikisimama mbele ya rundo la vitabu, na kuanzia leo atakayeuliza nitamtumia hizi.

Kwanza tuelewane maneno mawili. Nikisema mtindo namaanisha nguo nzima: sweta, kofia, soksi, shali. Nikisema ua namaanisha ule ufumaji unaojirudia ndani ya nguo: misuko, matundu, vidoti, ngazi, vijumba vya nyuki. Kitabu kinaweza kuwa na mitindo 50 halafu maua yasifike sita. Ukitaka kitabu chenye mambo mengi, hesabu maua.

Wa kroshia pia mnakaribishwa, ila hatua ya 4 muisome mara mbili.

Vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Tepu ya fundi cherehani, yenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili.
- Sindano unazozitumia sana (mimi hubeba za milimita 4) na donge dogo la uzi unaopatikana duka la karibu nawe.
- Lebo ya huo uzi, ile karatasi inayozungushiwa donge. Wengi wanaitupa siku ya kwanza. Usiitupe.
- Penseli na daftari.
- Simu yenye chaji, kwa ajili ya kikokotoo na kutafsiri neno moja moja.
- Vipimo vya watu unaowafumia: kifua, urefu wa mkono, urefu wa mwili. Mtoto mwandikie na umri.

1. Amua unataka kitabu cha aina gani

Viko vya aina tatu. Cha kufundisha kimejaa picha za mikono na sindano, na mitindo michache nyuma. Kimoja kinatosha, na kama umeshajua kuanza, kufuma mbele, kufuma nyuma, kupunguza na kufunga, huhitaji hata hicho kimoja. Cha mitindo kina nguo zilizokamilika na hesabu zake. Cha maua ni kama kamusi: ukurasa baada ya ukurasa wa vipande vya mraba vilivyopigwa picha, kila kipande na maelezo yake, na hakuna nguo hata moja.

Hicho cha tatu ndicho wanafunzi wangu wanakipita bila kukigeukia, kwa sababu hawaoni sweta ndani. Na ndicho chenye utajiri. Mmarekani mmoja, Barbara Walker, alitoa juzuu yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1968. Ina maua zaidi ya 500, picha zake ni nyeusi na nyeupe, na hadi leo watu wanafumia humo. Ukishajua hesabu ya sweta moja linalokukaa vizuri, kila ua ndani ya kamusi kama hiyo ni sweta jipya. Kofia hivyo hivyo.

Kama hujawahi kumaliza sweta zima, anza na cha mitindo. Ukimaliza matatu, tafuta cha maua.

2. Tafuta mahali sahihi, na uliza kwa lugha ya sokoni

Vipya vya kufuma ni adimu madukani kwetu. Vingi nilivyo navyo vimetoka kwenye masoko ya mitumba, Kiborloni na Memorial, na kwa wale wanaotandika vitabu chini pembeni ya barabara, Moshi na Arusha. Vingine viliachwa na wageni wanaokuja kujitolea. Wakiondoka hupunguza mizigo, na kitabu kizito ndicho cha kwanza kubaki.

Usiulize "vitabu vya ufumaji". Muuzaji atakuonyesha vya ufugaji, imenitokea zaidi ya mara moja. Uliza "kitabu cha masweta", kisha mwonyeshe sindano zako. Na usiishie kwenye vitabu. Omba na magazeti ya zamani ya akina mama na vile vijitabu vyembamba vya kampuni za uzi. Kijitabu cha kurasa nane chenye seti ya mtoto mchanga, yaani kofia, sweta na soksi, kinaweza kukulipa kuliko kitabu cha kilo mbili.

Angalizo: ukiona maelezo yanataja kadi zenye matundu au namba za kuzungusha kwenye mashine, hicho ni cha mashine ya kufumia masweta. Kirudishe ulipokikuta.

3. Fungua katikati, sio mwanzo

Kurasa za mwanzo huwekwa zile nzuri. Fungua katikati, geuza kurasa 20 mfululizo, na kwa kila ua jipya chora mstari mmoja kwenye daftari. Ua lile lile kwa rangi nyingine halihesabiwi. Kofia ile ile yenye kishada cha bluu badala ya chekundu haihesabiwi.

Nilishanunua kitabu kilichojisifu jalada lote kuwa kina mitindo mia. Kufika nyumbani nikakuta kofia thelathini na kitu za ufumaji mmoja, tofauti ni mistari ya rangi. Kile kitabu kipo, mjukuu wangu anakanyagia kufikia swichi.

Sasa angalia mistari uliyochora imegawanyikaje. Maua yana koo tano: ya mbele-na-nyuma, ambayo hayahitaji ufundi zaidi ya hizo njia mbili; misuko; matundu; ya rangi mbili au zaidi; na ya kitanzi kinachorukwa bila kufumwa. Kitabu chenye koo nne kati ya hizo ndani ya kurasa 20 ni kitabu cha kununua. Chenye moja tu si kibaya, lakini kijue ni cha kazi moja: wanaofumia wapagazi wa mlimani kofia nzito watafurahia cha rangi, na anayeuzia watu wa Moshi mjini, kwenye joto letu hili, atauza zaidi matundu na sweta jepesi. Masweta mazito yana wenyewe Kibosho, Marangu, na Arusha mwezi wa Julai.

4. Jua kitabu kimetoka Uingereza au Marekani

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo twende taratibu.

Tafuta maneno haya. Kikiandika "cast off" na "tension", ni cha Uingereza. Kikiandika "bind off" na "gauge", ni cha Marekani. Maana ni zile zile: kufunga vitanzi, na idadi ya vitanzi ndani ya kipimo. Shida si maneno, shida ni namba za sindano.

Namba za zamani za Uingereza zinakwenda kinyume: namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Za Marekani, namba ikipanda, sindano inanenepa. Nakili hizi kwenye jalada la daftari lako:

- Milimita 2: Uingereza 14, Marekani 0
- Milimita 3.25: Uingereza 10, Marekani 3
- Milimita 4: Uingereza 8, Marekani 6
- Milimita 4.5: Uingereza 7, Marekani 7
- Milimita 5: Uingereza 6, Marekani 8

Umeiona hiyo namba 8? Mwingereza anamaanisha milimita 4, Mmarekani anamaanisha milimita 5. Kwenye 7 peke yake ndipo wanapokutana.

Mimi iliwahi kunigharimu sweta zima. Lilikuwa la mtoto wa kifua cha sentimita 60. Mbele ni sentimita 30, na kitabu kilitaka vitanzi 22 kwa kila sentimita 10, kwa hiyo vitanzi 66. Kiliandika sindano namba 8. Cha Uingereza kile, mimi nikachukua zangu zenye alama 8 zilizotoka kwa mgeni Mmarekani. Uzi ukalegea hadi vitanzi 18 kwa sentimita 10. Gawanya 66 kwa 1.8: karibu sentimita 37 mbele, na nyuma hivyo hivyo. Kifua cha 60 kikawa 73. Mama wa mtoto alikuwa mpole, akasema atakua. Likavaliwa na dada yake wa darasa la tatu.

Wa kroshia, kwenu ni balaa zaidi kwa sababu neno moja lina kazi mbili: "double crochet" ya Mwingereza ni fupi, na ile ya Mmarekani ndiyo Mwingereza anayoiita "treble". Bila kujua kitabu ni cha wapi, kitambaa kinatoka kirefu au kifupi na hutajua kwa nini.

5. Linganisha uzi wa kitabu na uzi wako

Usitafute jina la kampuni ya uzi lililoandikwa. Huo uzi pengine ulishaacha kutengenezwa kabla hujazaliwa. Tafuta unene wake. Vitabu vya Uingereza vinataja "4 ply" kwa mwembamba, "double knitting" au "DK" kwa wa kati, "aran" kwa mnene, na "chunky" kwa ule mnene kabisa. Usidanganywe na hesabu ya nyuzi ndogo zilizosokotwa pamoja. Uzi wa nyuzi nne unaweza kuwa mnene au mwembamba.

Kinachokuambia ukweli ni idadi ya vitanzi kwa sentimita 10. Mwembamba ni kama 28 kwa sindano ya 3.25. Wa kati ni kama 22 kwa sindano ya 4. Mnene ni kama 18 kwa sindano ya 5. Soma lebo yako, mara nyingi kuna kamraba kenye namba hizo hizo. Kama mitindo mingi ya kitabu inalingana na uzi unaoupata, endelea. Kama kitabu kizima ni cha uzi mwembamba na duka lako lina wa kati tu, utakuwa unapiga hesabu upya kila mara, na mwanafunzi mpya hachukui miezi miwili kukata tamaa.

Vya zamani hupima uzi kwa wakia. Wakia moja ni kama gramu 28, kwa hiyo sweta la wakia 12 linataka karibu gramu 340: madonge saba ya gramu 50, na ongeza moja la akiba. Nunua yote siku moja na hakikisha namba ya mkupuo wa kutia rangi kwenye lebo ("dye lot") ni moja. Jeusi la wiki hii si jeusi la wiki ijayo.

6. Angalia kama kinaeleza kwa maneno, kwa chati, au kwa vyote

Vyote viwili ndiyo bora. Cha maneno tupu kina vifupisho: "k" ni mbele, "p" ni nyuma, "k2tog" ni kufuma viwili kwa pamoja, "yo" ni kuzungusha uzi juu ya sindano kutengeneza tundu. Sio vingi. Wiki mbili umevizoea, hata kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji.

Chati haina lugha kabisa, na ndiyo maana naipenda. Kila kijumba ni kitanzi kimoja. Soma kutoka chini kwenda juu. Mstari wa upande wa mbele wa nguo usome kutoka kulia kwenda kushoto; unapogeuza kazi, soma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukifuma kwa mzunguko, kama soksi, kila mstari unaanza kulia.

Angalizo: hakikisha ukurasa wa maana za alama upo. Kawaida uko mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa, yaani pale pale panapochanika. Vile vitabu vya kurushiana kwenye makundi ya WhatsApp karibu kila mara vinakuja bila huo ukurasa. Aliyepiga picha alitaka masweta tu.

7. Jaribu hesabu ya ua moja kwa vipimo vyako

Kitabu kizuri cha maua kinaandika kila ua linahitaji vitanzi vingapi. Utaona kitu kama "multiple of 8 + 3". Maana yake: idadi yoyote inayogawanyika kwa 8, kisha ongeza 3. Chukua lile sweta la vitanzi 66. Nane mara nane ni 64, ongeza 3 ni 67. Unaanza na 67, kitanzi kimoja cha ziada hakuna atakayekiona.

Sasa ua kubwa, la 24 na kuongeza 2. Moja ni 26, mawili ni 50, matatu ni 74. Hakuna linalokaa kwenye 66. Wengi hapa hulazimisha, wakapata nusu ua chini ya kwapa. Badala yake liweke moja katikati: 26, zinabaki 40, yaani 20 za kawaida kila upande. Sweta linatoka kama la dukani. Kama ni msuko, kumbuka msuko unakaza kitambaa, kwa hiyo pima kwa kipande kwanza na uongeze vitanzi vichache.

Kitabu ambacho maua yake yote ni ya 20 kwenda juu hakifai kwa nguo za watoto. Kisicho na idadi kabisa, kiache.

Kwa kitabu cha mitindo, angalia saizi. Ukikuta kila sweta lina saizi moja au mbili, huo ni umaskini. Tafuta saizi nne au zaidi, na ule mchoro mdogo wa vipande vya nguo wenye vipimo pembeni. Kama vipimo ni vya inchi, zidisha kwa 2.54.

8. Kagua kurasa moja moja

Vitabu vya mitumba vina historia. Angalia namba za kurasa zifuatane. Angalia kama kuna mfuko wa nyuma wa karatasi iliyokunjwa. Maelezo yakisema "angalia karatasi" na mfuko uko mtupu, umenunua picha. Nusa kama kina ukungu.

Penseli isikuogopeshe. Mwenye kitabu wa kwanza akiwa amesahihisha namba kwa mkono, ametangulia kuanguka kwenye hilo shimo kwa niaba yako. Vitabu vya kufuma vina makosa ya uchapaji, hata vya wachapishaji wakubwa, na baadhi yao huweka masahihisho kwenye tovuti zao.

9. Fuma mistari minane kabla ya kulipa

Watu wananicheka kwa hili. Pale Kiborloni huwa naomba ndoo, naigeuza, nakaa, nachukua ua moja rahisi kwenye kitabu na kufuma mistari minane na uzi wangu. Kijana anayeuza ananiambia, "Mama, si ukanunue ukafumie nyumbani?" Dakika 15 haziishi nikajua kama maelezo yanaeleweka, kama vitanzi vinajumlika, na kama macho yangu yanaiona chati bila miwani. Mara mbili nimerudisha kitabu ambacho kwa picha ningeapa ni kizuri.

Ukikwama

*Kitabu ni cha Kijapani au Kinorwe.* Usikiogope. Vya Kijapani vimejaa chati, na alama zake zimesanifiwa, ukizijua kwenye kimoja umezijua kwenye vyote. Vya Kinorwe vya rangi ni vijumba vya giza na vyeupe, vinasomeka vyenyewe.

*Ukurasa wa alama haupo.* Chukua ua dogo lenye picha inayoonekana vizuri. Tundu kwenye picha litakuwa juu ya alama moja ile ile kila mara, andika. Alama ya kupunguza kitanzi mara nyingi itakuwa jirani yake. Kwa maua matatu utakuwa umejaza alama nyingi.

*Vitanzi havijumlishi mwisho wa mstari.* Fumua mstari mmoja, hesabu tena ukigusa kila kitanzi. Ikitokea mara ya tatu mahali pale pale, kosa ni la kitabu. Kumbuka kila tundu linaloongezwa linahitaji kitanzi kimoja kinachopunguzwa mahali pengine kwenye mstari. Hesabu hayo mawili ndani ya mstari na utaona kilichosahaulika.

*Kipande kinatoka kikubwa kuliko cha kitabu.* Chukua sindano nyembamba zaidi kwa saizi moja, usikaze mkono. Kikiwa kidogo, chukua nene zaidi kwa saizi moja.

*Uzi mzuri ni ghali.* Nunua sweta la mitumba ulifumue. Kabla hujalipa geuza ndani uangalie mshono wa ubavuni: ukikuta vipande vimefumwa na kingo zake kamili, uzi utatoka mrefu. Ukikuta umekatwa na kuzungushiwa uzi kwa mashine, utapata vipande vya urefu wa mkono, vya kuunga hadi uchoke.

*Sindano hazina namba, au ni spoki za baiskeli.* Spoki ya kawaida ni kama milimita 2. Kwa nyingine, zungushia sindano kijikaratasi chembamba mara moja, weka alama kinapokutana, kifungue, pima, gawanya kwa 3.14. Ukipata kama milimita 12 na nusu, hiyo ni sindano ya milimita 4. Iandike kichwani mwake kwa rangi ya kucha, kalamu inafutika.